Katuni, sahani na kilo za mtoto

Mtoto wa miaka mitatu yuko mbele ya runinga. Kijiko kikikaribia mdomo unafunguka wenyewe, macho hayabanduki kwenye katuni. Sahani inaisha, na anayemlisha anafurahi. Kilo nyingi huingilia hapo. Mtoto aliyeshiba hugeuza uso, husukuma kijiko au huanza kuchezea chakula, lakini akikodolea skrini ishara hizo hazijitokezi. Ndiyo maana kabla hujagombana naye kuhusu simu, zima kila kitu wakati wa kula, hata taarifa ya habari. Siku tatu nne za kwanza atakula kidogo. Mwache, usimfidie kwa biskuti wala krisps.

Simu yenyewe usimpokonye katikati ya video. Atalia, utachoka, utamrudishia, na kesho atalia zaidi kwa sababu ameona kilio kinalipa. Pakua katuni moja ya dakika 20, zima data, kisha umpe. Ikiisha imeisha, hakuna inayofuata. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku. Wa mwaka mmoja kurudi chini, wasipewe kabisa. Mweleze na dada wa kazi, maana mchana ni yeye anayeshika rimoti.

Mwongozo huohuo unataka wa miaka 3 na 4 wacheze dakika 180 kwa siku, 60 kati yake za kuhema hasa. Kwa anayekaa ghorofa ya nne Pipeline, mtaa wa maghorofa Nairobi, hiyo inasikika kama mzaha. Zivunje vipande: apande ngazi kwa miguu yake, hata mkichelewa, aende kwa mama mboga akitembea, si mgongoni, mchezo wa kukimbizana (tapo) au mpira wa makaratasi kwenye korido, dakika 15 asubuhi na 15 jioni. Paa la kuanikia nguo lina nafasi, ila asiende bila mtu mzima.

Usingizi nao wengi huusahau. Umri huo unahitaji saa 10 hadi 13. Mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, anayeamshwa saa kumi na moja na nusu kusubiri basi la shule lazima awe amelala saa moja na nusu usiku. Asiyelala vya kutosha hushinda akidai vitu vitamu, tena hana nguvu za kukimbia.

Mashavu si kipimo, na kilo peke yake hudanganya. Uzito husomwa pamoja na urefu. Wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya miezi 18, ilhali kupimwa kunaendelea hadi miaka 5. Rudi na kile kitabu cha mama na mtoto. Akionekana amezidi, usimnyime ugali: utafiti wa kitaifa wa afya Kenya (KDHS) wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao, asilimia 3 tu wamezidi uzito. Punguza soda na juisi ya pakiti, mwache arefuke, umpime tena baada ya miezi mitatu.