Ukurasa una nywila, lakini faili je?

Kama unasimamia tovuti yenye sehemu ya wanachama tu, ingia kwa akaunti yako, fungua PDF yoyote ya ndani, kisha nakili anwani yake. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, uibandike humo. Tovuti kadhaa za SACCOS na vyama vya kitaaluma nilizowahi kukagua zilitoa faili papo hapo, bila kuuliza jina wala nywila.

Anayeuliza nywila ni programu inayoendesha tovuti, tuseme WordPress. Ombi la picha au PDF kwa kawaida haliifikii programu hiyo: programu ya seva, yaani Nginx au Apache, ikilikuta faili kwenye folda ya wazi, hulitoa yenyewe. Tena WordPress hupanga mafaili ndani ya wp-content/uploads kwa mwaka na mwezi, kwa hiyo anayejua jina la ripoti ya mwaka jana anaweza kuikisia ya mwaka huu.

Kulipa faili jina refu lisilokisika kunasaidia mpaka siku kiungo kitakapotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kuitaja folda kwenye robots.txt, faili linaloiambia mitambo ya utafutaji isipite wapi, ni kubaya zaidi, maana ukurasa huo husomwa na yeyote. Umemwonyesha mdadisi pa kuanzia. Nayo .htaccess, faili la kanuni za kufunga folda, inafanya kazi kwenye Apache, ila Nginx haiisomi kabisa. Nimekuta tovuti iliyohamishiwa seva nyingine, kurasa bado zinadai nywila kama zamani, huku mafaili yote yakiwa wazi bila mtu kujua.

Ninachoshauri ni kuyatoa mafaili nje ya public_html (folda ya wazi ya tovuti), yasiwe na anwani ya moja kwa moja. Kila ombi lipitie msimbo unaouliza maswali mawili: huyu ameingia? Na je, faili hili ni lake? Swali la pili ndilo husahaulika, na ndilo linaloniuma zaidi. Mwanachama akibadilisha 214 kuwa 215 kwenye anwani, asisome salio la mkopo la mwenzake. Watu wametukabidhi habari za fedha zao, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019. Jina la faili nalo usilichukue kwenye anwani. Tumia namba ya rekodi kwenye hifadhidata, la sivyo mtu ataandika ../ na kupanda hadi kwenye folda nyingine.

PHP, lugha ambayo msimbo huo huandikwa kwenye WordPress, isibebeshwe kazi ya kusoma video nzima. Ikishathibitisha, itume kichwa cha X-Accel-Redirect (agizo linalotangulia jibu), Nginx ilitoe faili kutoka sehemu iliyowekewa alama ya internal, yaani isiyofikiwa moja kwa moja kutoka nje. Kwa Apache kuna moduli ya mod_xsendfile inayofanya kazi hiyo hiyo. Ukihifadhi kwenye Amazon S3, hifadhi ya mafaili mtandaoni, funga ndoo (bucket) yote na utoe viungo vilivyosainiwa vinavyokufa baada ya dakika chache, kwani kabla havijafa yeyote aliye navyo anaweza kuvitumia.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulipita. Cloudflare, ambayo ni CDN, yaani mtandao wa seva zinazosimama kati ya tovuti na wasomaji, kwa mpangilio wake wa kawaida huhifadhi nakala za PDF. Tuma kichwa cha Cache-Control: private, no-store, kinachokataza kuhifadhi nakala, pamoja na kila faili la wanachama, na ukimaliza kuhamisha, futa nakala za zamani kwenye CDN, kisha omba Google iondoe anwani ambazo ilikwisha kuziorodhesha.