Maswali na Majibu: Idadi Isiyo na Aliyeihesabu

Maswali yaliyofika safari hii yanahusu kurasa za mtandaoni za habari za mtaani, ambazo sasa kila kata ya Mwanza inao walau mmoja.

Nina simu nzuri na wafuasi wengi. Kwa nini nisiitwe mwandishi wa habari? (Kijana, Igoma)

Kwa sababu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka anayefanya kazi hiyo awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, na wingi wa wafuasi hautoi ithibati. Hata hivyo, usilidharau jina la shahidi. Tarehe 25 Mei 2020, Darnella Frazier, binti wa miaka 17, alisimama kando ya barabara mjini Minneapolis, Marekani, akarekodi kwa simu mauaji ya George Floyd, ilhali taarifa ya kwanza ya polisi ilieleza kifo hicho kama tatizo la kiafya. Mwaka uliofuata bodi ya tuzo za Pulitzer ilimtambua rasmi. Tazama alichokifanya: aliishika simu mpaka mwisho, wala hakukata vipande akavipachikia muziki wa huzuni, kama mnavyofanya ninyi kila ajali inapotokea Buhongwa.

Je, ukurasa wangu unahitaji leseni? (Wasomaji watatu, Nyegezi na Kisesa)

Kama unachapisha habari na matukio, ndiyo. Nimeshajibu hivi mara nyingi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilikuja mwaka 2018, zikaandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Maoni yangu, ambayo hamkuyaomba, ni kwamba ada za leseni hiyo humlemea kijana wa Nansio anayeandika kwa jina lake halisi, huku mzushi asiye na jina akiendelea kuzusha bila kulipa senti.

Chombo kikizama ziwani, Serikali huchelewa kutaja idadi ya waliofariki. Kwa nini sisi tusiitaje mapema? (Mkazi wa Ukerewe)

Ndugu yangu, wewe wa Ukerewe ndiye uliyepaswa kunijibu mimi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, kikitokea Bugolora siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Usiku wa kwanza ilitajwa miili 44, kesho yake ikazidi 100, na hesabu ya mwisho ikafikia 228. Idadi ya waliokuwamo ilikuwa ngumu kujulikana, kwani mkata tiketi naye alikuwa amezama na mashine yake ilikuwa imepotea majini. Sasa niambie: ikiwa aliyepaswa kuhesabu alikuwa chini ya maji, mwenye ukurasa aliyeketi Nyakato aliipata wapi idadi kamili saa mbili baada ya ajali?

Sisemi mkae kimya mpaka Serikali iseme. Wavuvi waliowahi kwa mitumbwi waliona mambo ambayo hakuna ofisi iliyoyaona, na maneno yao ni habari. Ninachodai ni kwamba kila idadi iandikwe pamoja na saa yake na aliyeitoa: "hadi saa kumi na mbili jioni, kwa mujibu wa mvuvi aliyeshiriki uokoaji, miili tisa imeopolewa". Sentensi ya namna hiyo hubaki kweli hata idadi ikipanda usiku. Sentensi inayosema tu "watu mia wafariki" hunakiliwa na kurasa nyingine kumi, na baada ya hapo hakuna tena wa kuulizwa. Na jina la marehemu lisitangulie kufika mtandaoni kabla ya kufika nyumbani kwake, kwa maana yupo mama anayefungua mtandao huo huo akiwa jikoni.

Mtu alirekodi dagaa wangu wakiwa juani, akaandika kwamba wana sumu. Wateja wamekimbia. Nifanye nini? (Mama muuza dagaa, Mwaloni Kirumba)

Pole sana, mama. Mwombe kijana wako apige picha ya chapisho hilo likionyesha tarehe kabla halijafutwa, kisha mwandikie mwenye ukurasa ukidai masahihisho yakae mahali palepale uongo ulipokaa. Akikataa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha, ingawa mimi ningeanza na mwenyekiti wa soko kabla ya polisi. Lakini kama alichoandika ni kwamba dagaa wameanikwa mchangani, na kweli wako mchangani, hapo dawa ni kichanja cha kuanikia.

Nitajuaje kama picha ni ya zamani? (Wengi)

Itafute picha yenyewe mtandaoni kabla ya kuisambaza. Picha ya MV Nyerere ikiwa imelala kifudifudi hairuhusiwi kuzama upya kila masika.

Diwani hunipa hela ya mafuta nikatangaze ziara zake. Ni kosa? (Mwenye ukurasa, Ilemela)

Ndiyo, ni bahasha, yaani hongo ya mwandishi, hata kama imepitia kituo cha mafuta. Ukishindwa kuikataa, andika katika aya ya kwanza kwamba diwani ndiye aliyekulipia usafiri na taja kiasi, kisha uone kama atakualika ziara ijayo.