Skuta kuyumba kwenye mchanga

Kaka uliyeuliza kwa nini skuta inakuyumbisha kwenye mchanga wa Tabora: gurudumu lake ni dogo, mara nyingi rimu ya inchi 10 au 12, wakati pikipiki nyingi zina 17 au 18. Linazama upesi. Usipunguze upepo wa tairi ovyo, rimu itagonga jiwe ipinde. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, ufuate kipimo cha kitabu cha skuta. Punguza mwendo kabla ya kuingia mchangani, shika usukani bila kuukaza, vuta mafuta kidogo kwa mkono lakini usiyakate ghafla. Breki ya mbele usiiguse ukiwa kwenye kona ya mchanga, tafadhali sana, tairi linaweza kuteleza ukaanguka papo hapo. Na mkanda wa kofia ngumu ubane, vipite vidole viwili tu chini ya kidevu.