Sanduku la baba na majalada ya Mlimani

Tangu niandike juu ya masijala za vyuo vyetu, maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua yanayohusu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kwa kuwa ndiyo mengi, na kwa kuwa wazee waliokiona chuo kikianza wanatuaga mmoja baada ya mwingine.

Shikamoo. Baba yetu alisoma Mlimani kuanzia mwaka 1969. Amefariki, na chini ya kitanda tumekuta sanduku la bati: picha, barua, vijarida vya wanafunzi vilivyodurufiwa. Baadhi ya ndugu wanasema tuchome. Nifanye nini? – Moshi

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Nakuomba sana, msichome hata karatasi moja kabla ya kujua ni nini.

Miaka aliyosoma baba yako chuo kilikuwa kinachemka. Walter Rodney, yule mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa anafundisha pale. Wanafunzi walianzisha jarida lao, Cheche, mwaka 1969, na mwezi Novemba 1970 likapigwa marufuku, MajiMaji likafuata. Magazeti ya namna hiyo yalipigwa chapa kwa stensili na mashine ya kudurufu, kwenye karatasi dhaifu, nakala chache zikipita mkono kwa mkono. Hakuna aliyeyachapa akifikiria mjukuu wake. Nakala iliyo sandukuni mwenu huenda ikajaza pengo ambalo maktaba imelitafuta kwa miaka.

Usiyapange upya makaratasi kwa haraka. Kama barua fulani ilikuwa ndani ya daftari fulani, iache humo, maana baba alikuwa na sababu yake. Chomoa klipu na pini za stepla zilizoota kutu, taratibu, kwa kisu butu. Usibandike selotepu palipochanika, gundi yake hugeuka kahawia na kuila karatasi. Wala usipeleke kitu chochote kufanyiwa leminesheni. Kikishaingia kwenye ile plastiki hakitoki salama. Weka kila kitu kwenye maboksi safi, juu ya rafu au mbao, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, na kagua mchwa kila mwezi.

Kisha picha, na hapa ndipo ninapokusihi zaidi. Kaeni na shangazi, na mama, na mzee yeyote aliyesoma naye, mziangalie moja moja. Ni nani huyu? Ni wapi? Mwaka gani? Andika majibu nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini, bila kukandamiza. Mahali tu pengine mtapatambua wenyewe: Ukumbi wa Nkrumah kila aliyeshika ile noti ya shilingi 500 ameuona. Watu ndio hawana noti. Katika ofisi moja niliyofanya kazi tulikuwa na boksi zima la picha za mahafali, nyuso mia kadhaa zimevaa majoho, bila jina hata moja. Bomba likapasuka likizo ya Pasaka, na tuliporudi picha zilikuwa zimegandana kama tofali. Nililia. Lakini kusema kweli, wale watu tulikuwa tumeshawapoteza zamani, siku mpiga picha alipoondoka na hakuna aliyeandika.

Mkiwa tayari, ongeeni na maktaba ya chuo, sehemu ya East Africana, yaani mkusanyiko maalumu wa maandishi ya Afrika Mashariki. Nendeni na orodha mliyoiandika wenyewe, hata kwa mkono. Kabla ya kuacha chochote, mkubaliane kwa maandishi: ni zawadi au amana, nani aruhusiwe kusoma barua za kifamilia, na lini.

Mwalimu ametuambia kuwa mwaka 1966 wanafunzi karibu 400 walifukuzwa. Nyaraka za tukio hilo ni siri? – Mwanafunzi, Dodoma

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi cha utumishi. Bango moja lilidai kuwa enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Kuhusu siri: Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kama kipimo cha kawaida cha kufungua nyaraka za umma, na miaka hiyo ilishapita tangu 1996. Mihtasari ya vikao na barua za kiofisi ni haki yako kuomba. Faili binafsi la mwanafunzi, lenye matokeo yake na vyeti vya daktari, ni jambo lingine. Huyo mtu anaweza kuwa hai, ana wajukuu, na mtunza kumbukumbu anayekuzuia hapo anafanya kazi yake vizuri.

Nakushauri usiishie kwenye jalada. Jalada litakupa sauti ya waliofukuza. Kama una jirani mwenye umri wa miaka 80 na aliyekuwepo siku ile, mfuate wiki hii na simu yako, umrekodi kwa ridhaa yake, na mwanzo wa rekodi utaje jina lake, tarehe na mahali mlipo.

Mbona historia ya chuo chetu inatafutwa London na Kampala? – Mbeya

Kwa sababu ndiko kilikopitia. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia Mlimani, na Julai 1970 kikajitegemea. Kila hatua iliacha makaratasi yake ilipotokea. Hata ndani ya nchi yamegawanyika: kilimo kikawa Sokoine, Morogoro, mwaka 1984, nayo tiba ikabaki na njia yake Muhimbili.

Wale wanafunzi wa kwanza walikuwa wangapi? Utasikia 13, utasikia 14. Daftari la usajili ndilo la kumaliza ubishi huo.

Tukishaskani, karatasi za nini tena? – Arusha

Zitunzeni. Diski hufa ghafla, na faili la kompyuta lisilo na maelezo ni sawa na ile picha isiyo na jina. Andikeni orodha kwanza, kuskani kufuate.

Makerere iliungua. Sisi je? – Kampala, lakini nilisoma Dar

Usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020 Jengo Kuu la Makerere liliteketea pamoja na kumbukumbu zilizokuwamo. Miezi saba baadaye, tarehe 18 Aprili 2021, moto wa mlimani uliunguza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Kule Cape Town milango ya kuzuia moto ilijifunga na sehemu kubwa ya nyaraka za ghala la chini ikapona, ingawa ilitota kwa maji ya zimamoto, na watu wakajitolea kuzitoa boksi kwa boksi. Kwa hiyo uliza chuo chochote maswali matatu: mlango wa ghala unahimili moto? Waya za umeme zilikaguliwa lini? Nakala ya orodha iko nje ya jengo hilo? La tatu ni la bei ndogo kabisa, na ndilo naliona likisahaulika.

Bibi anasema utenzi wa babu yake ulichukuliwa na mtafiti ukapelekwa Mlimani. Yawezekana? – Pangani

Yawezekana sana. Kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ndiyo iliyokuja kurithiwa na chuo cha uchunguzi wa Kiswahili pale Mlimani kuanzia 1964, ambacho leo ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kurekodi wasomaji kwenye kanda, na katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Mingi ilitoka majumbani, mikononi mwa kina bibi kama huyo wako.

Naamini kabisa kwamba familia hizo zinastahili kurudishiwa walau nakala, ziusome tena utenzi wao barazani. Mpe bibi salamu zangu, kisha mwombe akusomee ubeti wa kwanza na wa mwisho, uuandike kama anavyoutamka. Jina la babu linaweza kuwa limeandikwa kwa tahajia usiyoitarajia, au lisiwepo kabisa. Kwa maneno ya ubeti wa kwanza mhudumu anaweza kuutafuta.