Kujitolea kwenye kituo cha mbwa koko: jibu kwa aliyeuliza kama atafaa

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu asiyejua lolote la mifugo, tena aliyelelewa nyumba ya Kiislamu ambako mbwa haingii hata barazani, anaweza kujitolea kituo cha mbwa koko. Anaweza. Mimi nimekulia Magomeni kwenye nyumba ya namna hiyo hiyo, na huu ni mwaka wa nne kila Jumamosi niko kituoni.

Ukifika asubuhi hukabidhiwi mbwa, unakabidhiwa fagio na ndoo. Unazoa kinyesi, unasugua sakafu, unakagua kupe masikioni, unasonga ugali wa dona na dagaa kwenye sufuria kubwa. Siku za neema kuna utumbo au vichwa vya kuku. Wengi huacha hapo, kwa sababu walikuja kubembeleza watoto wa mbwa.

Usafi huo usiuone mdogo. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka banda la wagonjwa nikapitiliza kwa watoto wa mbwa nikiwa na gambuti zile zile. Niliziosha kwa sabuni, zikang'aa. Siku ya tano wawili wakagoma kula, kesho yake wakaanza kutapika na kuharisha damu. Ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia matumbo ya mbwa. Harufu yake ukiinusa mara moja huisahau. Walikuwa sita, tukawawekea dripu, tukakesha nao, wakabaki wawili. Hakuna aliyenilaumu, lakini mimi najua njia niliyopita. Kirusi kile hukaa kwenye udongo miezi mingi na sabuni ya kawaida haikitishi. Jiki hukiua, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, ila uoshe uchafu kwanza, maana juu ya kinyesi jiki haifanyi kazi. Siku hizi gambuti za banda la wagonjwa hazivuki mlango wake.

Suala la najisi nilimpelekea ustadhi aliyenisomesha madrasa. Akanieleza kwa madhehebu yetu ya Shafi: mkavu kwa mkavu hakuna tatizo, mate na majimaji yake ndiyo yanayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Kisha akanikumbusha hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye khofu yake, yaani kiatu cha ngozi, na kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kwa hiyo nguo za kazi nazibakisha kituoni, naoga, ndipo narudi nyumbani. Mama alinuna karibu mwaka mzima. Sasa Ijumaa usiku ananifungia ukoko wa wali kwenye mfuko.

Kabla hujagusa mbwa yeyote, pata chanjo ya kichaa cha mbwa: dozi mbili, ya pili siku 7 baada ya ile ya kwanza. Hata ukishachanjwa, uking'atwa osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukamalizie sindano. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Hapa sitaki ubishi wala dawa za miti shamba.

Kuhusu hofu yako, nikusimulie jike mmoja mweusi aliyeokotwa nyuma ya soko, sikio moja limekatika nusu. Alikaa ameelekea ukuta, hali chakula mpaka watu waondoke. Mlezi wa mabanda akaniambia niingie, nikae, nisimtazame, nisimsemeshe. Nikapindua ndoo nikaikalia, mgongo nimempa yeye. Jumamosi ya saba nikasikia ulimi ukilamba sahani nyuma yangu. Ya tisa, pua ya baridi ikanigusa kisigino. Sikugeuka. Nilibaki hivyo mpaka mguu ukafa ganzi.

Ningekuwa mtu wa kuja leo na kupotea mwezi, asingefika pale, kwa sababu mbwa aliyepigwa mawe hushika miguu ya nani inakuja na inakuja lini. Ukienda kujiandikisha watakuuliza una nafasi siku ngapi kwa wiki. Usitaje tatu kwa ajili ya furaha ya siku ya kwanza. Taja moja, ile ambayo hata mvua ikinyesha na daladala zikikosekana utafika.