Kumnasa mwizi katika Roma ya kale bila saa ya mkononi

Swali: Mhariri, naandika hadithi ya upelelezi kwa watoto wa miaka 9 hadi 12. Tuko Roma, mwaka 80, enzi za Kaizari Titus. Kibao cha deni kimechezewa, na mtuhumiwa anadai alikuwa bafuni muda huo. Watoto wangu watatu watauvunjaje uongo wake bila saa za mkononi wala alama za vidole?

Jibu: Ndugu mwandishi, wasomaji wako wana bahati. Waroma nao walianza kuhesabu saa jua linapochomoza, na saa sita ilikuwa adhuhuri, kama kwetu. Ila angalia: mchana wao, uwe mrefu au mfupi, waliugawa mafungu 12 sawa. Saa moja ya kiangazi ilikaribia dakika 75. Ya majira ya baridi, dakika 45 hivi. Mtoto wa Mombasa au Mwanza hajawahi kuiona tofauti hiyo, kwa hiyo ionyeshe mapema, mhusika akiwa mbele ya saa ya jua.

Kisha leta mvua. Mtuhumiwa akiapa kwamba alisoma kivuli kikiwa saa nane, na siku hiyo mbingu ilifungwa kutwa, amejifunga mwenyewe. Akisema alicheleweshwa barabarani na mkokoteni wa divai saa tano asubuhi, amekosea tena: sheria ya Julius Caesar ilizuia mikokoteni mingi kuingia mjini hadi saa kumi.

Lakini ushahidi ambao nisingeuacha kwa lolote ni kibao chenyewe. Kilikuwa ubao uliopakwa nta nyembamba, ukiandikwa kwa kijiti cha chuma chenye ncha. Mwandishi akikandamiza, ncha hupenya nta na kukwaruza mti. Mwizi analainisha nta, anaandika kiasi kingine, anaondoka ameridhika. Watoto wanaikwangua nta, wanaleta taa ubavuni mwa ubao, na mikwaruzo ya zamani inajitokeza kwa vivuli. Hili si la kubuni: mjini London wataalamu wamesoma mikwaruzo ya aina hiyo, ikiwemo hati ya deni la denari (sarafu za fedha za Kiroma) 105 ya tarehe 8 Januari mwaka 57, ilhali nta ilishapotea.

Usiwape askari wapelelezi, hawakuwepo. Walikuwepo walinzi wa zamu waliozima moto na kushika doria usiku, kikosi alichokiunda Kaizari Augustus mwaka 6. Mkuu wao ndiye aliyesikiliza kesi za wezi, na kwake ndiko watoto wakipeleke kibao.