Usilipie huo mtungi wa hatua saba kabla hujapima floraidi

Hiyo hela irudishe kwenye pochi kwanza. Dada, umeuliza mambo manne: kama mtungi wa kuchujia maji wa hatua saba unafaa, harufu ya dawa kwenye maji ya bomba inaondokaje, kama kuchemsha kunatosha, na kama kununua maji ya madumu kunakuja nafuu kuliko filta. Mimi naanza na mtungi, kwa sababu umesema uko Njiro hapa Arusha, una mtoto wa miaka miwili, na kesho unaenda kulipia.

Hilo onyesho alilokufanyia muuzaji linajulikana mji mzima. Anamimina soda nyeusi juu, chini inatoka nyeupe, watu wanapiga makofi. Ile ni kazi ya mkaa wa vifuu vya nazi uliomo ndani. Mkaa unanasa rangi, harufu na klorini (ndiyo hiyo dawa unayoinusa kwenye bomba), na kwa hayo ni mzuri kweli. Siku nyingine mwombe uonje hiyo soda iliyogeuka nyeupe. Bado ni tamu! Rangi imebaki kwenye mkaa, sukari imepita. Na floraidi, ile ya asili kwenye maji ambayo ikizidi inaharibu meno, ni ndogo kuliko sukari, imeyeyuka, haina rangi wala harufu, na ulimi wako hautaisikia. Inapita kwenye mkaa, kwenye kuba la kauri, kwenye mchanga, kwenye yale mawe ya madini, na kwenye ile sumaku ya koki. Sumaku, jamani. Anadhani tunakunywa misumari.

Halafu anatoa kikalamu cha TDS. Kile kinapima umeme unavyopita kwenye maji na kukadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka, basi. Hakijui ipi floraidi na ipi chokaa. Maji yanayosoma 400 yanaweza kuwa na floraidi miligramu 1 kwa lita au 6, na kikalamu hakitaona tofauti. Ila muuzaji hapati shida: namba ikishuka anasema uchafu umetoka, ikipanda anasema madini yameongezeka. Ndugu yake ni yule wa mashine za RO (zinazosukuma maji kwa presha kupita kwenye utando mwembamba) anayetumbukiza vyuma viwili vya umeme kwenye glasi, maji ya bomba yakageuka kahawia. Hiyo kahawia ni kutu ya chuma chake mwenyewe. Tia chumvi kidogo kwenye glasi yake ya maji "safi", arudie, uone kama hayatageuka. Watu hawa wanamtazama mama mwenye mtoto mchanga usoni na kumwambia "inaondoa kila kitu", na usiku wanalala.

Kwa nini nang'ang'ania floraidi na siyo harufu yako ya dawa? Kwa sababu uko Arusha. Maji ya huku yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na humo ndimo yanaokota floraidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4, kwa hiyo mtu akikwambia "yamo ndani ya kiwango", muulize kiwango kipi. Vyanzo havifanani, vingine viko chini, vingine juu sana, na maji huchanganywa. Kinachotoka kwenye koki yako kinategemea umeunganishwa na tanki lipi na msimu huo ni chanzo gani kinasukumwa. Ndiyo maana majibu ya kipimo cha maji ya shemeji yako anayekaa Sakina, mtaa mwingine, hayakusaidii.

Na meno ya ukubwani ya huyo mtoto yanajengeka sasa hivi, ndani ya ufizi, hadi karibu miaka 8. Floraidi ikizidi kipindi hiki, jino linaota na madoa yake, na hakuna dawa ya meno itakayoyasugua yakatoka. Huwezi kununua mtungi mbovu leo na kurekebisha mwakani. Mwakani umeshachelewa kwa meno fulani.

Kwa hiyo sheria ni moja: namba kwanza, filta baadaye. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, isiwe ya kioo, maana floraidi inashikana na kioo na kuharibu majibu. Fungua koki inayotoka moja kwa moja kwenye mita, siyo ya simtank, acha maji yatiririke dakika kadhaa. Suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, jaza, funga, andika tarehe na mahali. Peleka maabara ya ubora wa maji ya serikali au uulizie kituo cha Ngurdoto, ambacho kazi yake ni utafiti wa kuondoa floraidi. Taja kwa jina kwamba unataka floraidi ipimwe. Ukisema tu "nipimieni maji" unaweza kurudishiwa majibu ya vijidudu na pH (kipimo cha ukali wa asidi), ukaondoka umefurahi bure. Rudia kipimo kiangazi na masika.

Ikiwa chini ya 1.5, shida yako ni vijidudu, mabomba yaliyopasuka na simtank isiyooshwa. Chemsha, na nunua mtungi wowote unaoupenda, hata ule wenye taa za rangi. Sitakuuliza.

Ikiwa juu, una njia mbili za nyumbani zinazofanya kazi. Ya kwanza ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa vizuri. Usiuchanganye na ule wa vifuu, hata kama wote ni chembe nyeusi. Madini ya mfupa ndiyo yanayoishika floraidi, lakini yanashiba. Piga hesabu: maji yako yana 6, unataka 1, kila lita inaacha miligramu 5. Familia ya watu watano kwa kunywa na kupika tuseme lita 20 kwa siku, hiyo ni miligramu 100. Kwa hesabu ya tahadhari, gramu moja ya mkaa inashika miligramu 2. Kilo 10 zinakupa siku 200, kisha unabadilisha. Sasa rudi kwenye ule mtungi: hata kama zile gramu 200 za chembe nyeusi zingekuwa za mifupa, ungebadilisha kila baada ya siku nne. Muulize muuzaji swali hilo, uone anavyokohoa.

Maji yapite polepole, na mkaa ubaki umezama muda wote, la sivyo maji yanajichimbia njia na kupita pembeni. Mwaga ndoo za kwanza mpaka weusi uishe. Zikiendelea kunuka kama kwato zilizoungua, mifupa haikuiva, rudisha. Mkaa huu hauui vijidudu, kwa hiyo chuja kwanza, kisha chemsha. Kuchemsha peke yake hakupunguzi floraidi hata chembe, maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea.

Njia ya pili ni RO. Inaondoa sehemu kubwa ya floraidi, ila inataka presha ya baa 3 hivi, na simtank iliyo mita 4 juu inakupa 0.4. Bila pampu yake utapata matone. Hakikisha ina filta ya mkaa kabla ya utando, maana klorini inauharibu. Maji inayoyatupa ni mengi kuliko inayokupa, na yana floraidi zaidi ya mwanzo: yapeleke chooni, usimpe ng'ombe. Hapa sasa kile kikalamu cha TDS kina kazi halali. Pima yanayoingia na yanayotoka, tofauti ikianza kupungua, utando umechoka.

Na maji yaliyochujwa yaende kwenye uji, chai na wali pia, siyo glasi tu. Magadi kwenye makande ya mtoto acha, yanabeba floraidi yake.

Kabla hamjaanza: siuzi mifupa. Hata mbwa wangu hanipi.

Ukipata majibu yaweke hapa, na useme sampuli ilitoka kwenye mita au kwenye simtank, ndipo tuhesabu kilo ngapi za mkaa.